Damu ya Kulinganishia

Kwa miaka kumi na tisa, kila mwanafunzi aliyeingia katika maabara ile alianzia kazi kwenye damu ya Bi Lenzi. Si kwamba yeye alipenda kuchomwa sindano, la. Ilikuwa tu kwamba kila ilipofunguliwa chupa mpya ya chakula cha kukuzia seli, au pakiti mpya ya rangi, ilibidi ijaribiwe kwanza kwa damu ya mtu anayejulikana kuwa mzima, ili mambo yakienda kombo ijulikane kuwa kosa ni la chupa, si la mgonjwa. Na mtu mzima aliyekuwa karibu, aliyekubali kukunja mkono wa gauni bila maneno mengi, alikuwa yeye. Wakaiita damu ya kulinganishia. Vichupa vya wagonjwa viliandikwa namba, chake kiliandikwa herufi L, basi.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la waajiriwa, na huko lilikuwa limelala usingizi wa pono. Watu wote, kuanzia mfagiaji hadi mkurugenzi, walimwita Bi Lenzi kwa sababu ya jicho lake. Wengine walikodoa macho kwenye hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Yeye aliinama mara moja, akasema, "Arobaini na saba, moja imezidi, tazama kule pembeni," kisha akarudi kwenye chai yake.

Kazi yao ilikuwa kutazama kromosomu, na hotuba aliyowapa wanafunzi siku ya kwanza haikubadilika hata neno. "Katika kila seli yako mna uzi wenye urefu wa mita mbili," alianza. "Mrefu kuliko wewe, na wewe kijana usijinyooshe, bado mrefu kuliko wewe. Na seli yenyewe huioni kwa macho. Sasa uzi huo umeingiaje humo? Umepangwa. Umezungushwa kwenye vidonge vidogo vidogo vya protini, vidonge vikakusanywa, mkusanyiko ukakunjwa vitanzi, vitanzi vikakunjwa tena. Na haukufungwa ovyo. Panaposomwa kila siku pameachwa wazi, pasipohitajika pamebanwa."

Hapo aliinua kidole. "Lakini siku za kawaida huwezi kuuhesabu. Ni sawa na nyumba inayokaliwa na watu, nguo huku, sufuria kule. Seli ikitaka kugawanyika ndipo inapofunga mizigo yote, kila furushi mahali pake. Siku ya kuhama ndiyo siku ya kuona mtu ana nini. Sisi kazi yetu ni kuisimamisha seli mlangoni, mizigo ikiwa mkononi."

Dawa ya kuisimamisha walikuwa nayo. Baada ya hapo seli zilivimbishwa kwa maji ya chumvi kidogo, zikaoshwa, zikadondoshwa kwenye kioo kutoka juu kiasi cha mkono mmoja, ili zipasuke na kumwaga mafurushi yake yakatawanyika vizuri. Hewa ikiwa kavu hayatawanyiki. Wenzake walikuwa na sufuria ya maji moto kwa ajili ya mvuke, lakini Bi Lenzi alikipulizia kioo pumzi ya kinywa chake, haa, kama mtu anayetaka kufuta miwani, na vioo vyake ndivyo vilivyokuwa vizuri kuliko vya wote.

Ukutani, juu ya meza ya kusomea, palikuwa na fremu. Ndani yake mlikuwa na kromosomu arobaini na sita, zilizokatwa kwa mkasi kutoka kwenye picha na kubandikwa kwa gundi, mbili mbili, kubwa mwanzoni na ndogo mwishoni. Ilikuwa kazi ya mikono yake, ya enzi ambazo kompyuta ilikuwa bado haijafika pale. Chini aliandika: Mwanamke, mzima. Hakuandika ni mwanamke gani.

Huyo ndiye Bi Lenzi wa kazini. Wa nyumbani ni mwingine, na huyo sitamtetea.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, fundi umeme, aliyeishi na mkewe katika vyumba viwili vya nyuma vya nyumba yake. Mkwe huyo alikuwa mfungaji katika duka la vyombo vya kioo. Mpe bilauri arobaini, magazeti na boksi ambalo wewe ungeapa haliingii hata ishirini, akurudishie boksi limefungwa na ukilitikisa halilii. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye akili. Katika miaka minne ya ndoa alikuwa ameshika mimba mara tatu, na zote tatu zilitoka kabla ya mwezi wa nne.

Mara ya kwanza Bi Lenzi alimpa pole. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu alisema, tena sebuleni, mlango ukiwa wazi, "Mwanangu hana kasoro. Damu yetu ninaijua." Mtu aliyetumia maisha yake kutazama jinsi mambo hayo yanavyotokea! Lakini sayansi yake alikuwa akiivua pamoja na koti jeupe na kuitundika kazini. Akirudi nyumbani alikuwa mama mkwe tu, na mama mkwe mwenyewe wa kale kweli.

Basi yeye na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, walikata shauri. Jumamosi wifi angekuja, wangekaa kikao, na yule binti angeambiwa aende kwao "akapumzike." Wifi, ambaye hana dogo wala hangoji kuambiwa, alikwisha wapigia simu wazazi wa binti na kuwaambia kuwa mtoto wao hana uzazi. Bi Lenzi alilisikia hilo na hakumkanya. Mwanawe naye alipojaribu kusema, alikatizwa. "Wewe bado kijana," alimwambia. "Kuna mengine yanakungoja."

Hayo yalisemwa siku ya Jumapili. Jumanne mambo yakageuka.

Asubuhi hiyo Bi Lenzi alikuwa anasoma vioo vya mgonjwa namba mia nne kumi na saba. Damu ilikuwa imeletwa kutoka hospitali nyingine, na fomu ilisema machache kama kawaida: mwanamume, miaka thelathini na moja, mke amepoteza mimba tatu. Alisoma seli ishirini. Akaandika: arobaini na sita, sawa.

Kila jibu lilisomwa na watu wawili. Msomaji wa pili alikuwa Daktari, mkuu mpya wa maabara, mwanamke wa umri wa kuwa binti yake, aliyekuwa na miezi miwili tu pale. Saa sita alikuja na picha mkononi.

"Bi Lenzi, samahani. Huyu mia nne kumi na saba, sidhani kama yuko sawa."

"Hesabu yake imetimia."

"Hesabu imetimia, ndiyo. Lakini hebu tazama mkia wa kromosomu hii namba nne. Na wa hii namba kumi. Naona kama zimebadilishana vipande."

Bi Lenzi alitazama. Vipande vyenyewe vilikuwa karibu sawa kwa ukubwa, vina michirizi ya kufanana, mmoja mweusi na mmoja hafifu. "Daktari, kromosomu hunyooka. Leo ndefu, kesho fupi. Mbona hivi ndivyo zilivyo siku zote?" Akanyoosha kidole ukutani. "Linganisha na ile pale."

Daktari akapanda kiti. Aliweka picha ya mgonjwa ubavuni mwa fremu, akatazama huku, akatazama kule. Kisha akashuka, akaenda kabatini, akatoa kitabu cha vielelezo ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua kwa miaka, maana nani angehangaika na kitabu ilhali ukuta upo? Akakipangusa vumbi, akakifungua mezani.

"Umesema kweli, zinafanana," alisema taratibu. "Zinafanana kabisa. Ila zote mbili hazifanani na kitabu. Bi Lenzi, hii ya ukutani ni ya nani?"

Bi Lenzi aliitazama fremu. "Ni yangu," alisema.

Mtambo wa kuzungushia vichupa ulikuwa unanguruma pembeni, ukamaliza, ukajizima. Daktari alikuwa kijana lakini alikuwa na adabu. Alivuta kiti, akamwacha mkubwa wake kwa umri afike mwenyewe pale alipokuwa anaelekea.

Na Bi Lenzi alifika upesi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Vipande viwili kubadilishana mahali, vikikatika hapo hapo na si penginepo, ni jambo ambalo hukuti kwa watu wawili wasiojuana. Hukuti labda ulimwengu mzima. Unalikuta kwa mtu na ndugu yake wa damu. Wazazi wake walikwisha fariki, ndugu hana. Mwanamume, miaka thelathini na moja. Mke, mimba tatu.

"Mungu wangu," alisema. "Walikwenda hospitali nyingine ili nisijue."

Kanuni za kazi hazikumruhusu Daktari kukubali wala kukana. Alisema tu, "Jibu lake atapewa na daktari wake, Jumatatu. Wewe na mimi hatuwezi kumwambia yeyote. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Ninalijua."

"Na vioo vyake sasa nitasoma mimi."

"Soma wewe." Akakaa. "Miaka kumi na tisa, Daktari. Watoto wote wale nimewafundisha kwa ile picha. Ni wagonjwa wangapi nimewaambia wako sawa?"

"Tutatoa vioo vya zamani, tutasoma upya kimoja kimoja. Walio sawa watabaki sawa." Daktari alifunga kitabu. "Na wewe hujapungukiwa kitu, unajua. Hakuna hata herufi moja ya uzi wako iliyopotea. Vimehama tu vipande viwili. Wewe mwenyewe una kila kitu ulichopaswa kuwa nacho."

Hilo nalo alilijua. Alikuwa amelieleza kwa wanafunzi mara mia. Mwenye vipande vilivyobadilishana huishi vizuri, kwa kuwa uzi wote upo. Taabu huanzia pale anapotaka kumgawia mtoto nusu. Huenda mtoto akapata mafurushi yaliyokamilika, akazaliwa bila shida. Huenda pia akapata kipande hiki mara mbili na kile akakikosa, na mimba ya namna hiyo mara nyingi haikai.

Mimba haikai. Alikwenda chooni, akajifungia, akaketi juu ya kifuniko, akahesabu kwa vidole mambo ambayo hakuwa ameyahesabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Wawili kabla ya mwanawe. Mmoja baada yake. Wa pili alitoka yeye akiwa peke yake jikoni, na mama mkwe wake, marehemu, alisimama mlangoni akasema maneno ambayo Bi Lenzi aliapa kuwa yeye hatamwambia mtoto wa mtu. Hakuweza kuyakumbuka yote. Aliyokumbuka yalikuwa yale yale aliyoyasema sebuleni, karibu neno kwa neno. Hapo akalia, na hakulia kwa sauti, kwani wanafunzi walikuwa wakipita nje.

Ungedhani angerudi nyumbani siku ile ile akasema. Hakusema. Jumatano alijiambia kuwa kanuni zinamzuia. Alhamisi alijiambia hivyo hivyo, ila safari hii hakujiamini. Kanuni zilimzuia kusema ya mwanawe, na ya kwake hakuna karatasi duniani iliyoyafunga. Ukweli ulikuwa kwamba aliona aibu. Alipita mlango wa vyumba vya nyuma akimsikia mkwewe akikunjua magazeti, anafunga vyombo vyake. Alijua ni vyombo gani. Alikwenda zake chumbani.

Ijumaa alasiri, kabla ya kutoka kazini, alipanda kiti akaitungua fremu. Ukutani pakabaki mraba mweupe. Daktari alimwona na hakuuliza. Alimpa gazeti la kuifungia.

Nyumbani alimkuta mkwewe amepiga magoti sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi. Nguo zilikuwa zimeviringishwa moja moja, zimepangwa zikabanana bila hata upenyo. Mwanawe hakuwapo, alikuwa kwenye jengo moja anavuta nyaya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Bi Lenzi alitafuta pa kukaa, akaona kitanda, akaona si adabu, akajishusha mpaka sakafuni. Magoti yalilia. "Nimekuletea kitu ukitazame."

Akafungua gazeti. Binti alitazama vile vijiti vyenye michirizi, vimekaa viwili viwili. "Ni nini?"

"Ni mimi."

Akamweleza. Hakutumia ile hotuba yake ya siku ya kwanza. Hotuba ile ilikuwa na utani mwingi. Alieleza uzi, alieleza kukunjwa, kisha akaweka kidole juu ya kioo cha fremu. "Hapa na hapa. Kipande cha huku kimekaa kule, na cha kule kimekaa huku. Nimezaliwa hivyo. Sikujua mpaka wiki hii. Kwa ajili hiyo nilipoteza mimba tatu, nikapata mtoto mmoja. Na jambo hili mtu huweza kumwachia mtoto wake. Ya mtu mwingine siwezi kuyasema, sina ruhusa, na Jumatatu mtaambiwa na mwenye kazi hiyo. Mimi nasema yangu. Nilisema damu yetu ninaijua. Nilisema uongo."

Binti alikuwa hodari wa kufungua alichofungiwa. Bi Lenzi aliona uso wake ukiyapokea maneno, ukiyatenga, ukiyaweka mahali pake.

"Umejua lini hasa?" aliuliza.

"Jumanne."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Siku nne unanisikia nafunga mizigo."

"Ndiyo, mwanangu."

Hakuwa amemwita hivyo kwa mwaka mzima, na neno lenyewe lilitua vibaya, kama la kuombea msamaha kwa bei ya chini. Binti hakulipokea. Aliinama, akaviringisha gauni, akalichomeka penye nafasi ambayo haikuonekana. Machozi yalimtoka, akayaacha yadondokee humo humo sandukuni.

"Mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo," alisema. "Kila asubuhi. Natafuta ni wapi nilipoharibika."

Bi Lenzi aliokota kanga iliyobaki sakafuni, akampa.

"Wewe ulipopoteza wako, nani alikushika mkono?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ndiyo maana nilipaswa kujua."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, du, du, du. Binti alifuta uso kwa kiganja. Kisha aliichukua fremu, akaipima kwa macho, akalitazama sanduku. Akatoa nguo tatu. Akaizungushia fremu kanga, akaweka gazeti lililofinyangwa kwenye kila pembe, akailaza katikati, akarudisha nguo zote tatu juu yake. Bi Lenzi, aliyejua kupanga, asingeamini kuwa ingeingia.

"Unaondoka hata hivyo?" aliuliza.

"Naondoka. Wiki mbili. Kwetu wameambiwa mimi ni mbovu, Mama. Mama yangu hatoki nje. Siwezi kukaa hapa nikafurahi na ninyi huku yeye amejifungia ndani." Akafunga kifuniko. "Picha hii nakwenda nayo."

"Chukua. Ni yako."

"Lakini picha haisemi." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni moja kwa moja. "Mimi nikisema, watadhani nimeitunga. Mwenye kromosomu ni wewe."

Bi Lenzi alielewa alichoombwa. Akamwona yule mama asiyetoka nje, akajiona yeye ameketi mbele yake na fremu mapajani, mtu wa maabara, Bi Lenzi mzima, akieleza kasoro ya damu yake kwa watu aliokuwa amewavunjia heshima. Alishika ukingo wa kitanda, akainuka kwa taabu, akaenda chumbani kwake.

Jumamosi wifi alifika saa nne kamili, amevaa vizuri, hotuba imeiva. Alimkuta mpwa wake mlangoni amesimama kama nguzo yake mwenyewe ya umeme, anacheka na kulia kwa pamoja, maana usiku mama yake alikuwa amemweleza yake. Barazani palikuwa na sanduku kubwa, na pembeni yake mkoba mdogo wa zamani, umefungwa vibaya, mkono wa gauni umechungulia kwenye zipu.

"Heri umekwisha jiandaa," wifi alimwambia binti. Kisha akaona ule mkoba. "Na huu? Anaondoka nani mwingine?"

"Mimi, wifi," Bi Lenzi alisema, anafunga viatu. "Kuna watu nakwenda kuwaomba radhi. Na wewe uliwapigia simu, kwa hiyo kakae, nikirudi nitakueleza la kuwaambia."

Binti alichutama, akaufungua ule mkoba. Akatoa kila kitu, akaviringisha upya gauni moja moja, akapanga, akavuta zipu mpaka mwisho. Halafu akampa mama mkwe wake mkono ashike, wakashuka ngazi.